Uliza Tukujibu: Hii tobillera ni kikuku, soksi au bandeji?

Mwezi huu mesenji zimekuja nyingi na cha kuchekesha kadhaa zimegongana kwenye neno moja la Kihispania, tobillera. Kila mtu kakutana nalo kivyake, mmoja kwenye mzigo wa duka, mwingine ufukweni, mwingine kwenye habari za Argentina, basi tumeziweka pamoja maana ukijibu moja umeshajibu nusu ya nyingine.

Anti habari za kazi. Mi nauza soksi mtandaoni, niko Sinza. Niliagiza mzigo kwa muuzaji mmoja wa nje, lebo zote Kihispania, nikaona "tobilleras" bei poa nikajua ndo zile soksi fupi za kuvalia raba, maana kuna mteja wangu aliishi Mexico aliwahi kunambia hivo. Mzigo umefika, nafungua, bandeji! Zile za mpira za kubana mguu. Sasa nani muongo, mteja au muuzaji? Na linatamkwaje hili neno, kila nikimpigia nikisema "tobilera" anakaa kimya kwanza. — Dada Soksi

Pole mdogo wangu, ila hapo hakuna muongo hata mmoja.

Anza na tobillo, ndo kifundo cha mguu. Asili yake ni Kilatini cha mtaani, kutoka tuber, yaani uvimbe au nundu, wakakipunguza kikawa kinundu kidogo, na ukitaka ushahidi jishike hapo pembeni ya mguu wako utakiona chenyewe. Sisi nasi tulichukua fundo tukaliwekea ki- mbele, wazo lilelile kabisa na wala hatukuambiana. Halafu Wahispania wana mkia wao, -era, wanaubandika kwenye kiungo cha mwili wanapata kitu kinachovaliwa pale: rodilla ni goti, rodillera ni cha kuvaa gotini, codo ni kiwiko, codera, muñeca ni kifundo cha mkono, muñequera. Kwa hiyo tobillera maana yake halisi ni "cha kifundoni" na basi, neno lenyewe halikwambii ni cha dhahabu, cha pamba au cha mpira, hiyo utajua kwa kuangalia umesimama duka gani. Duka la dawa ni ile bandeji uliyoletewa. Kwa sonara ni kikuku. Ukiwa Mexico kwenye nguo inaweza ikawa soksi fupi, kwa hiyo mteja wako kasema kweli, kwao wanasema hivo.

Siku nyingine ukiagiza soksi kwa muuzaji wa Uhispania andika calcetines tobilleros, kal-the-TI-nes to-bi-YE-ros, soksi za kuishia kifundoni. Muuzaji akiwa Amerika ya Kusini nchi nyingi soksi wanaziita medias, na Argentina hizo fupi ni soquetes, so-KE-tes. Na usiagize kwa jina tu, omba picha.

Sasa matamshi. Tatizo lako ni hizo l mbili. Kwa Wahispania ll si l, ni sauti ya peke yake, na sehemu kubwa ya dunia yao wanaisoma kama y ya "yeye". Kwa hiyo ni to-bi-YE-ra, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, palepale tunapouweka sisi tukisema ba-ra-BA-ra (ya magari) au ki-ta-BU-ni, so mdomo wako hauna kazi mpya hapo. Irabu nazo ni tano zilezile a e i o u na wanazisoma tunavosoma sisi, hakuna mchezo wa kuandika hiki kusoma kile. Mswahili akijifunza Kihispania anaanza akiwa mbele sana na watu hawasemi hili vya kutosha. Kilichobaki ni vitu viwili. B ikiwa katikati ya irabu wanailegeza, midomo inakaribiana lakini haifumbi kama kwenye "baba", na v yao nayo ni sauti ileile, usihangaike kuzitofautisha maana wenyewe hawazitofautishi. R iwe r kweli, ya kugonga mara moja kama kwenye "bara". Wale wenzangu mnaochanganya l na r mjihadhari, maana kwao pero ni "lakini" na pelo ni nywele.

Mzigo wako usitupe. Tangaza kwa vijana wa ndondo, kila Jumapili jioni kuna mtu kateguka.

Hodi hodi mhariri. Mie nauza bangili na vikuku vya shanga hapa Paje, natengeneza mwenyewe kwa mkono. Msimu huu Wahispania na Waargentina wamekuwa wengi, nataka niandike kibao na nijue la kuwambia. Mmoja kasema tobiyera, mwenziwe kasema tobishera, sasa nishike lipi? Na kuna watu wananambia kikuku kwao kina maana mbaya, ati mguu wa kushoto hivi wa kulia hivi. — Muuza Shanga, Paje

Yote mawili sahihi na umewasikia vizuri kabisa. Huyo wa "tobishera" nakuhakikishia ametoka upande wa Buenos Aires au Montevideo, watu wa pale ll na y zote wanazigeuza sh, ileile ya "shule". Mimi ni yo kwa Wahispania wengine, wao wanasema sho. Naitwa ni me llamo, wao me SHA-mo. Na kuna kundi la tatu hujawasikia bado, milimani Bolivia, Paraguay na wazee wa vijijini kaskazini mwa Uhispania, hao bado wanaitamka kizamani, l na y zinatoka pamoja kwa mpigo, tobilyera. Wewe shika tobiyera, wote watakuelewa, akija wa Buenos Aires mpige "tobishera" uone atakavyocheka na pengine anunue mbili.

Kibao andika TOBILLERAS HECHAS A MANO, vikuku vya kutengenezwa kwa mkono. Soma E-chas a MA-no, h yao imekufa haitamkwi popote. Bangili ya mkononi ni pulsera, pul-SE-ra. Mtu akikuuliza ¿cuánto cuesta?, KWAN-to KWES-ta, anataka bei. Na usiandike de plata kama si fedha kweli, hao wanajua kuangalia muhuri.

Shanga zenyewe wanaziita cuentas, au abalorios, a-ba-LO-ryos. Hili la pili nalipenda kwa sababu limetoka Kiarabu cha Andalusia, billauri, kioo angavu, ndo hiyohiyo bilauri yako unayonywea maji. Kiarabu kilikaa Uhispania tangu 711 na ufalme wa mwisho wa Waislamu pale Granada ukaanguka 1492, miaka karibu 800, kwa hiyo ukichimba kidogo unakutana na ndugu kila kona: azúcar na sukari, alcalde ambaye kwao ni meya na kwetu ni kadhi, mpaka kaneno kadogo hasta ni "hata" yetu, zote zimetoka kwa hatta.

Ila nakupa onyo moja. Kama unatia vigamba vya pwani kwenye vikuku vyako, utaambiwa gamba ni concha. Uhispania ni neno la kawaida kabisa, hata wanawake walioitwa Concepción wanaitwa Concha kwa kifupi. Lakini kwa Muargentina hilo ni tusi, na si tusi dogo, ni la sehemu za siri za mwanamke, sasa fikiria umesimama ufukweni unawapigia kelele watalii "concha, concha, bei nafuu". Sema caracoles, ka-ra-KO-les, uko salama kwa wote. Simbi wanaziita cauris.

Umbea wa mguu wa kushoto na kulia achana nao. Kule kikuku ni kitu cha joto na bahari, wanavaa mguu wanaoutaka, hakuna kanuni. Hayo maneno yanatembea sana kwetu huku kwenye magrupu kuliko kwao.

Sasa Shangazi. Mimi hufanya masaji kwa wanariadha hapa Iten, na kuna Wahispania hukuja kufanya mazoezi. Juzi mmoja aliumia kifundo akaniambia nimtafutie tobillera, kisha akaongeza maneno mengine nikashindwa. Nisaidie ya kazi tu, sitaki mengi. — Mkandaji, Iten

Ya kazi tu basi. Kuteguka ni esguince. Hapa ndo penye tofauti: Mhispania wa Uhispania c ikifuatwa na e au i anaitamka th, ileile ya "thelathini", kwa hiyo atasema es-GIN-the, na wa Amerika atasema es-GIN-se. Kuvimba ni hinchado, in-CHA-do. Kulia derecho, de-RE-cho, kushoto izquierdo, ith-KYER-do, na haya mawili usiyaache maana tobillera nyingine zimeshonwa za mguu mmoja tu. Talla ni saizi, TA-ya, na saizi ya tobillera mara nyingi haiendi kwa namba ya kiatu, unapima mzunguko wa kifundo kwa utepe, sasa kama kimevimba leo ukipima leo utanunua kubwa. Ile laini ya kuvuta ni elástica, yenye kamba kama kiatu ni con cordones, hiyo ndo inashika zaidi. Akikwambia hawezi kabisa kukanyaga hatua chache, weka mafuta yako pembeni umpeleke akapigwe picha.

Assalaam alaykum. Mimi Mpemba niliyeko Muscat miaka mingi. Huku kikuku ni khalkhal, kwetu bibi zetu walivaa mafurungu ya fedha. Nimeona mahali neno "ajorca" wakasema nalo ni pambo la mguuni kwa Kihispania na kwamba ni Kiarabu. Ni kweli? Nalisoma vipi? Na pia, hao watu wana kitu kama msewe wetu, ule wa kufunga miguuni wakati wa ngoma? — Mpemba wa Muscat

Wa alaykum salaam mzee wetu. Kweli kabisa, na kati ya maswali yote ya mwezi huu hili ndo nililolifurahia kuliko yote.

Ajorca ni pete kubwa ya dhahabu au fedha, ya mkono au ya mguu, ndo furungu lenyewe, tena lile zito si haya mavitu ya siku hizi ya uzi mmoja. Kamusi ya akademia yao inasema inavaliwa kwenye vifundo vya mikono, mikononi au kwenye "garganta" za miguu, na garganta ni koo! Hivyo ndo walivyopaita pale mguu unapoungana na nyayo, koo la mguu. Neno limetoka kwa asshurka ya Kiarabu cha Andalusia. Sasa utauliza, sh imeendaje ikawa j? Ni hivi, Kihispania cha zamani kilikuwa na sauti ya sh na wakiiandika kwa x, axorca, wakisoma a-SHOR-ka karibu sawa na Mwarabu. Kwenye karne ya 16 na 17 ile sh ikaanza kurudi nyuma mdomoni, ikarudi, ikarudi, mpaka ikatua kooni ikawa kh. Maandishi yalichelewa, ni 1815 ndo akademia ikaamua kwamba sauti hiyo iandikwe j badala ya x. Wamexico wakagoma kwa jina la nchi yao wakabaki na x, ndo maana unaandika México unasoma ME-khi-ko. Kwa hiyo wewe soma a-KHOR-ka, kh yako ya "khalkhal" na "kheri" itakutosha, Wabara wenzangu wanaosema "heri" nao wataeleweka, maana Wakaribi na watu wa Andalusia nao huilegeza ikawa h tu.

Leo ajorca ni neno la vitabu na makumbusho. Ukiingia dukani Madrid ukaomba ajorca watakuelewa lakini watakuangalia kama mtu aliyekuja Kariakoo kuuliza "mitali", yaani vikuku kwa Kiswahili cha zamani, iko wapi.

Kuhusu msewe. Ndiyo wapo, ila si Wahispania wenyewe, ni wenyeji wa Mexico. Wayaqui wa jimbo la Sonora, kaskazini magharibi, wana ngoma ya paa, mchezaji mmoja anavaa kichwa cha paa na kumuigiza mnyama tangu anavyonyata mpaka anavyokufa, na miguuni amejizungushia kitu kinaitwa tenábaris, te-NA-ba-ris. Wanachukua vifukofuko vya nondo mmoja mkubwa wa jangwani, yaani ile nyumba anayojisokotea kiwavi kabla hajageuka, wanatia ndani vijiwe vidogodogo, wanavitunga viwili viwili kwenye kamba ndefu, kisha mchezaji anaizungusha kuanzia kifundoni inapanda mpaka chini ya goti. Akikanyaga haitoi mlio wa kengele, inatoa mchakacho mkavu, ni ndugu kabisa wa msewe wa makuti wenye mbegu ndani, mtu wa Pemba angefumba macho angedhani yuko nyumbani. Na wale wachezaji unaowaona katikati ya Jiji la Mexico wenye manyoya marefu kichwani, hao wanavaa ayoyotes, a-yo-YO-tes, maganda magumu ya mbegu ya mti yaliyoshonwa kwenye kipande cha ngozi. Za chuma, njuga zetu, ni cascabeles, na Bolivia wachezaji wa caporales wanazipanga kwenye mabuti mpaka wakishuka barabarani unawasikia kabla hujawaona.

Hivi vyote hakuna anayeviita tobillera, ingawa vimekaa kifundoni.

Anti swali fupi. Enzi za kocha Gamondi pale Yanga niliwahi kubishana na jamaa, vile vigao vya ugokoni wanavyovaa wachezaji ndani ya soksi ndo tobillera? Tumewekeana soda. — Mwananchi, Mbeya

Umeshindwa kama wewe ndo uliyesema ndiyo. Kigao cha ugoko Uhispania ni espinillera, es-pi-ni-YE-ra, na kwa Muargentina kama Gamondi ni canillera, ka-ni-SHE-ra, ugoko kwao ni canilla. Vigao hivyo sheria ya 4 ya mpira inakulazimisha kuvaa. Tobillera hailazimishwi, anavaa aliyeumia au anayeogopa kuumia.

Nasoma riwaya ya zamani ya Kihispania kwa kamusi, ya miaka ya 1920, kuna "una tobillera" anapita mtaani na vijana wanamuangalia. Kikuku kinatembea? — Mwanafunzi wa lugha, Nairobi

Hahaha hapana, huyo ni binti. Enzi hizo msichana mdogo alivaa sketi fupi, mwanamke mzima sketi ya kufika chini, na yule aliyeko katikati sketi yake iliishia kifundoni, basi wakamuita kwa jina la hapo inapoishia. Sisi tungesema kigori. Usilitumie leo kwa binti wa mtu, limeshazeeka.

Nimesoma kwamba Cristina Kirchner, rais wa zamani wa Argentina, mahakama imemvalisha tobillera. Mbona mahakama inagawa vikuku? — Mfuatiliaji, Morogoro

Hiyo ni tobillera electrónica, e-lek-TRO-ni-ka, kifaa cha kumfuatilia mfungwa aliyeko nyumbani. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Argentina ilithibitisha kifungo chake cha miaka 6 kwa ufisadi wa tenda za barabara, na kwa kuwa amepita miaka 70 akaruhusiwa kutumikia nyumbani kwake Buenos Aires akiwa na hicho kidude mguuni. Kikitoka eneo kililopangiwa kinapiga kelele kwa wanaofuatilia.

Mahakama zilianza kukitumia kwenye mji wenye jina la Kihispania, Albuquerque huko New Mexico, Marekani, mwaka 1983. Jaji mmoja, Jack Love, alikuwa amesoma katuni ya Spider-Man ambayo adui anamfunga shujaa kifaa cha kumjua alipo, akaona hiki kingefaa kwa watu anaowahukumu, akamshawishi muuza kompyuta mmoja akatengeneza. Cha kwanza kilikuwa na ukubwa wa pakiti ya sigara.

Jina linabadilika kila nchi. Peru wanasema grillete, gri-YE-te, ambayo ni pingu kwa uwazi kabisa, na wahamiaji Walatino Marekani nao ndo hilohilo wanalolitumia kwa kile wanachofungwa na idara ya uhamiaji. Colombia na Mexico ni brazalete, hata kama kiko mguuni. Mimi naona Waperu ndo wakweli kuliko wote, ukiita pingu pingu kila mtu anaelewa.

Brazil usiwachanganye, wao ni Kireno: tornozeleira, tor-no-ze-LEI-ra, na hapo l ni l ya kweli. Ndo ile aliyovalishwa Bolsonaro, rais wao wa zamani, Julai 2025, na Novemba akakubali kwenye video kwamba ameiunguza kwa pasi ya kulehemu, ile ya mafundi redio, akakamatwa.